Kompyuta Iliyokunywa Maji ya Vulamba

Huko Mususa, mtaa wa Butembo, asubuhi ukungu ukiwa bado haujaamua kuondoka mitaani, kulikuwa na chumba kimoja ambamo maji yalitembea siku nzima bila kumwagika. Yalitoka kwenye kikopo cha plastiki, yakasukumwa na pampu ndogo kuliko ngumi ya mtoto, yakapanda hadi kwenye kipande cha shaba kilicholalia moyo wa kompyuta, yakabeba joto lake, yakaenda kulipoza kwenye radiata, kisha yakarudi kikoponi kuanza safari upya. Ukinyamaza uliyasikia. Emérence aliyasikia kila siku, na asingekubali kusema mbele za watu kwamba hakuna sauti aliyoipenda kuliko hiyo.

Watu walikuja kuitazama mashine. Mama mmoja muuza maharagwe aliuliza, kama kweli inakunywa, inakojoa wapi. Emérence akamjibu kwamba haikojoi. Mama yule akatikisa kichwa kwa huruma, akasema kitu kinachokunywa bila kukojoa hakidumu, akaenda zake na beseni lake. Alisema kweli kuliko alivyojua.

Emérence alikuwa na miaka thelathini na sita. Butembo ina maneno mengi kuhusu mwanamke wa umri huo asiye na mume, nami sitayarudia, yeye mwenyewe ameyasikia vya kutosha. Kazi yake ilikuwa kuchora nyumba ambazo hazipo. Mfanyabiashara anakuja na karatasi ya fundi, yenye mistari na namba, hajui anaangalia nini. Emérence anazisimamisha kuta ndani ya kompyuta, anaweka paa, anapanda maua mlangoni, kisha anawasha jua la saa kumi jioni juu ya baraza. Mfanyabiashara anatazama kiwanja chake cha matope kikiwa kimegeuka makao, na mara nyingi ananyoosha mkono kuligusa lile baraza. Wengine walimwomba awachoree na mke akiwa amesimama dirishani. Aliwachorea.

Kompyuta yenyewe ilizaliwa Beni, katika mtaa wa Beu, mikononi mwa Élisée, mtoto wa baba yake mdogo, ambaye kwa desturi ni kaka yake. Élisée alikuwa akihariri filamu za harusi, na joto la Beni pamoja na vumbi lake vilikuwa vinaua mashine zake moja baada ya nyingine. Basi akaijenga hii ya maji, kwa mipira laini ya kupitishia maji, iliyopinda popote unapotaka. Alipoamua kuhamia Kampala alimwambia dada yake aje aichukue. Emérence alirudi nayo Butembo ndani ya taksi, imekaushwa, imefungwa blanketi, imekaa mapajani mwake. Abiria wa kando alijibana mlangoni kumpa nafasi, kama mtu anavyompisha mwenye mtoto mchanga.

Kabla ya safari Élisée alimwonya jambo moja tu: mashine hii inywe maji ya betri, yale yanayotiwa kwenye betri za magari, si mengine. Emérence aliitikia. Lakini alipofika nyumbani akapita kwenye gereji kuyatafuta, akaona yanavyouzwa kwenye chupa za zamani za soda, vifuniko vimechubuka, na muuzaji ana vidole vyeusi. Kila mtu mjini anajua kwamba wakati mwingine chupa hizo hujazwa mtoni. Akasimama pale akifikiri. Alikuwa binti wa Mathe wa Vulamba, naye alijua, kama mtoto anavyojua jina lake, kwamba maji safi kuliko yote duniani yanatoka kwenye chemchemi iliyo chini ya nyumba ya baba yake. Akaiacha chupa ya gereji kaunta, akapanda pikipiki kwenda Vulamba na dumu tupu la njano, bidoni kama tunavyoliita.

Mzee Mathe alikuwa fundi wa maji wa parokia kwa miaka thelathini na miwili. Fontainier, ndivyo alivyoitwa, na hata baada ya kustaafu watu walimsalimia kwa neno hilo kama wengine wanavyosalimiwa daktari. Mabomba yote yaliyoshuka kutoka vilima vile alikuwa ameyapinda kwa mikono yake. Lakini chemchemi ya Vulamba ilikuwa kitu kingine. Aliijenga mwaka wa themanini na saba, kisanduku cha saruji na midomo mitatu ya chuma, na siku ilipofunguliwa mtu wa kwanza kujaza chombo chake alikuwa Anne-Marie, mke wake. Padri alileta kamera siku ile, akapiga picha nyingi, kisha filamu ikaingia mwanga. Haikubaki hata moja. Anne-Marie naye alikuwa amefariki miaka tisa iliyopita.

Binti alipomwomba maji kwa ajili ya mashine, mzee alikuna kidevu, akauliza mara mbili kama ni kweli yanaingia ndani ya kompyuta. Kisha akashuka mwenyewe hadi chemchemi na magoti yake mabaya, hakutaka kusaidiwa. Alirudi akihema, ana furaha ambayo Emérence hakuwa ameiona kwake tangu mazishi. Tangu siku ile, kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, Emérence alikwenda Vulamba baada ya misa, wakala bugali na sombe ya majani ya muhogo, wakazungumza, na jioni akaondoka na bidoni imejaa. Mtoto hatoki kwa baba yake mikono mitupu, na alichopewa na mzazi hakikatai. Ndivyo tulivyolelewa.

Katika Jumapili zile alikuwa akiiba kitu. Alimuuliza baba yake mambo madogo madogo: ngazi za kushukia chemchemi zilikuwa ngapi wakati ule, mikaratusi ilikuwa upande gani, jua lilikuwa wapi padri alipomaliza sala, mama alivaa kitenge cha rangi gani. Mzee alidhani binti anapenda hadithi tu. Kumbe kila jibu lilikwenda Mususa, likaingia ndani ya mashine. Alikuwa akiijenga ile siku. Alitaka baba yake aione mara moja tena, siku ambayo kamera ya padri iliipoteza, kabla ya macho ya mzee kuzidi kufifia. Hakumwambia mtu.

Kwa mwaka mzima kilima kilikua polepole. Jioni, kazi za watu zikiisha, Emérence alishuka ngazi kumi na saba zisizokuwepo tena, akapita chini ya mikaratusi iliyokwisha katwa, akasikia karibu, karibu kabisa, kelele za watu wanaosubiri. Wakati mwingine alisahau kwamba ameketi kwenye kiti. Chai ilipoa mkononi, ukungu wa kwenye skrini na ule wa dirishani ukawa mmoja, na hakujua tena yuko mwaka gani.

Lakini kila alipofika kwenye maji, mashine ilizima.

Kuchora ukuta si kazi. Maji ni jambo lingine. Kila mwale wa jua unaingia ndani yake, unapinda, unatoka mahali pengine, na mashine inapaswa kuufuata mmoja mmoja hadi mwisho wake. Kompyuta ilipoanza kuhesabu maji yale matatu yanayoanguka kwenye saruji, joto lilipanda hadi tisini, tisini na tano, tisini na nane, kisha skrini ikawa nyeusi. Alijaribu tena wiki iliyofuata, ikawa vilevile. Ndani ya picha mama yake alisimama kwenye ngazi ya mwisho na chombo chake kichwani, miezi mitatu, akisubiri maji yasiyokuja.

Emérence alimpigia simu Élisée, akaigeuza kamera ili aone ndani. Mipira iliyokuwa wazi kama kioo ilikuwa imekuwa rangi ya chai ya maziwa, na penye kona moja utando wa kijani ulikuwa unacheza taratibu na mkondo. Élisée hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu, maji gani aliweka. Dada yake akaielekeza kamera kwenye bidoni ya njano. Kaka akamweleza kwa upole kwamba maji ya mlimani yana uhai na yana mawe. Uhai unaota, mawe yanaganda, na vile vijia vyembamba vya shaba, vyembamba kama meno ya kitana cha chawa, sasa vimeziba. Afungue kila kitu, aoshe, na kwa kuwa mipira nayo imechoka, aitupe kabisa na kuweka mabomba magumu ya plastiki angavu. Hayo hayanyauki wala hayafifii, na uchafu wowote ukianza utauona siku hiyohiyo. Ila ajue, mpira unasamehe. Bomba gumu ukilikosea kwa unene wa ukucha, halikai.

Baada ya simu ile Emérence aliketi muda mrefu akiitazama bidoni ya njano pembeni ya mlango. Hofu yake haikuwa ya mabomba. Mabomba yatapatikana. Hofu yake ilikuwa kumwambia mzee wa miaka sabini na mbili, ambaye alibakiwa na jambo moja la kujivunia duniani, kwamba maji yake ni uchafu. Na asipomwambia, maji yale yataendelea kuja, na ile siku ya chemchemi haitaisha kuchorwa kamwe. Alijiona amekwama katikati, akalia kidogo, akajikaripia, akaenda kutafuta bisibisi.

Mabomba yaliletwa na Falonne, rafiki yake wa tangu shule, mfanyabiashara aliyekuwa akienda Dubai mara mbili kwa mwaka. Aliyaleta manane, kila moja nusu mita, yamefungwa ndani ya vitenge ili yasikwaruzike, pamoja na mfuko wa viungio vipya vya kuyashika. Alileta pia chupa tano za maji ya betri kutoka mpakani Kasindi, zenye lakiri ya kiwandani. Kilichokosekana ni kamba nene ya mpira, ile inayoingizwa ndani ya bomba wakati wa kulipinda ili lisibonyee. Falonne alikumbuka vizuri kuinunua. Alidhani ni ya kufungia mzigo, akafungia mzigo wa viatu, na viatu vile tayari vilikuwa njiani kwenda Bunia. Aliomba msamaha huku akicheka, na Emérence akacheka naye kwa nusu mdomo.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mashine ilikuwa imekwisha funguliwa, mipira ya kahawia imelala ndani ya beseni, shaba imeoshwa kwa ndimu na mswaki hadi ikang'aa. Akajaribu kupinda bila kamba. Aliwasha mbabula, lile jiko la mkaa, akalizungusha bomba la kwanza juu ya makaa hadi likalegea, akalikunja, nalo likabonyea penye kona na kufunga koo. La pili likafanya vilevile. La tatu liliungua, likatoa mapovu. Yalibaki matano, na mashine ilihitaji manne. Akayaweka chini, akanawa mikono, akajua anapaswa kwenda kwa nani, maana Butembo nzima haina mtu anayepinda bomba kumshinda.

Jumamosi ukungu ukiwa bado mzito alishuka Vulamba na mabomba matano kwapani. Mlangoni kwa baba yake aliukuta mfuko wa vifaa, ule wa turubai, ambao kwa miaka mingi ulikaa juu ya kabati ukila vumbi. Ulikuwa umepanguswa. Funguo za mabomba zilikuwa zinang'aa kwa mafuta mapya. Alidhani mzee anasaidia jirani, hakuuliza.

Alimweleza baba yake kwamba anabadilisha mipira ya mashine na kwamba mabomba haya hayakubali kupindwa. Hakueleza kwa nini anabadilisha. Mzee Mathe alilichukua bomba moja, akalinyanyua juu kwenye mwanga, akachungulia ndani yake kwa jicho zuri kuelekea kilimani, akalipiga kwa kucha kusikia sauti yake. Akaagiza mchanga wa mtoni. Binti akauchota, wakauchekecha kwa chekecheo la unga, wakaukaanga kwenye sufuria kuukuu hadi chembe zikawa zinakimbizana bila kushikana, maana unyevu mdogo tu unageuka mvuke na kupasua bomba. Kisha mzee akaziba upande mmoja kwa kigingi cha mti, akamimina mchanga, akagonga-gonga ushuke, akamimina tena, akaziba upande wa pili.

"Muchanga mu ndani, moto inje, na kinywa ufunge," alisema. "Bomba hapana kupenda maneno mingi."

Vipimo hakuvichukua kwa rula. Emérence alikuwa amepima kwa uzi kutoka kiungio hadi kiungio, na akatengeneza mfano kwa waya wa kuanikia nguo. Mzee aliupokea waya ule, akaupapasa kwa vidole macho yakiwa yamefumbwa, akaurudisha. Aliuelewa. Bomba likazunguka juu ya makaa, polepole, mikono yake yenye mishipa ikilipokezana, na moshi mwepesi wa mkaratusi ukapita kati yao. Wazee husema samaki mkunje angali mbichi. Bomba yeye alilikunja lingali laini, kwa mwendo mmoja usio na haraka, kama mtu anayemgeuza mgonjwa kitandani. Akalishika hivyo hadi likapoa. Walipomwaga mchanga kona ilikuwa ya mviringo kamili, haijabonyea hata kidogo. Ila chembe zilikuwa zimeacha alama kwa ndani, ukungu mwepesi penye kona, mahali pengine pote pakiwa wazi.

Emérence aliutazama ule ukungu, akaupenda. Ulikuwa ukungu wa nyumbani kabisa, ule wa saa moja asubuhi. Wakapitisha kitambaa kilichofungwa kwenye uzi, mara kumi, mara ishirini, hadi isibaki chembe. Mengine matatu wakayafanya vivyo hivyo mchana wote. Mabomba manne yalilala juu ya mkeka, moja moja na kona yake, na la tano halikuguswa. Mzee aliyahesabu, akatabasamu peke yake, akaomba maji ya kunywa.

Ndipo ilikuwa saa ya kusema, na Emérence hakusema. Aliondoka na mabomba yake, akabeba na bidoni iliyojaa pia, maana mzee alikwisha ijaza. Njia nzima bidoni ilimgonga mguuni, na kila ilipogonga alijiita mwoga.

Kufunga kulimchukua siku mbili. Mabomba yaliingia kwenye viungio bila kulazimishwa, isipokuwa moja, lililovuja tone moja wakati wa kujaribu na kulowesha karatasi aliyoitandika chini. Akamkumbuka mama wa maharagwe. Alilikata upya kwa msumeno, akalisugua kwa msasa, likakaa. Kisha akajaza maji ya betri, chupa tatu zenye lakiri. Bidoni ya Vulamba akaificha jikoni, nyuma ya gunia la makaa. Akawasha. Mapovu yalikimbia ndani ya mabomba, yakapungua, yakaisha, na baada ya hapo hungeweza kujua kama mna kitu ndani au hamna, isipokuwa penye kona nne, ambapo ukungu ulitetemeka kidogo.

Alingoja hadi Jumapili. Mzee alifika Mususa kwa pikipiki, kanzu ya misa imekunjwa ndani ya mfuko, na mapajani mwake bidoni nyingine ya njano, ndogo. Emérence akaipokea, akamshukuru, akaipeleka jikoni kando ya ile ya kwanza. Akamketisha mbele ya skrini, akamvalisha miwani, akaiambia mashine ichore, naye akaanza kusali bila kupenda. Joto lilipanda hadi hamsini na nane. Likasimama hapo.

Kilima kikatokea kwanza, kisha mikaratusi, kisha ngazi. Watu wakatokea kwenye mteremko, kofia mikononi. Kisha, polepole, kutoka kwenye midomo mitatu ya chuma, yakatokea maji. Yalishika jua la asubuhi ile, yakalivunja, yakalitupa juu ya saruji mpya na juu ya miguu ya mwanamke aliyesimama ngazi ya mwisho. Mzee Mathe aliinama mbele hadi pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo. Mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa meza, na Emérence akaogopa kwamba amemwumiza.

"Ule ni mama yako," alisema mwishowe.

"Ndiyo, Tata," Emérence alimjibu baba yake.

"Hapana kubeba ku kichwa. Yeye alikuwa anabebaka mu mugongo, na kamba hapa." Akagusa paji lake la uso. "Na tena umekosa ku tumbo. Ile siku alikuwa na weye."

Emérence alikuwa akijua mwaka wake wa kuzaliwa, alikuwa akijua mwaka wa chemchemi, na katika mwaka mzima wa kuhesabu ngazi na vivuli hakuwahi kuziweka tarehe hizo mbili pamoja. Alikuwepo. Alikuwa amesimama pale kwenye maji yale kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mzee aliacha kutazama skrini, akageukia mashine yenyewe. Akaweka kidole juu ya bomba, penye kona yake mwenyewe, akakiacha pale akisikiliza pampu.

"Na hii maji inatembea humu," akauliza bila kumtazama, "ni yangu?"

Uongo ulikuwa karibu, ulikuwa kwenye ulimi kabisa. Emérence aliumeza.

"Hapana, Tata. Ni ya betri. Maji yako inaziba mashine. Nilikosa namna ya kukuambia."

"Minajua."

"Unajua toka wakati gani?"

"Toka siku ya kwanza. Miaka makumi tatu na mbili nilikuwa nafungua mabomba yenye iliziba na ile maji. Kwa kunywa ni muzuri. Chuma haiipendi."

"Sasa juu ya nini ulikuwa unanipatiaka?"

Mzee aliendelea kulipapasa bomba. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Emérence alimwona baba yake ana aibu.

"Juu ulikuwa unakuja kuichukua," alisema. "Toka mama yako anakufa, hakuna mutu alikuwa ananiomba kitu. Nikasema siku itaziba, ataniita, nitafungua. Nikapaka ma-clé yangu ya bomba mafuta." Akaligonga bomba kwa kucha. "Na wewe ukaita Élisée."

Emérence alicheka na kulia kwa pamoja, jambo baya kwa mwanamke aliyevaa nguo za misa, na mzee alimpa kitambaa chake. Maji yakaendelea kuzunguka. Walikaa hivyo hadi mama wa maharagwe alipobisha mlangoni kuuliza kama mashine imepona, akaambiwa imepona, akaambiwa pia kwamba ilikojoa kidogo, naye akasema alijua.

Picha aliirekebisha wiki ile. Akatoa chombo kichwani, akakiweka mgongoni, akapitisha kamba kwenye paji la uso. Kitenge akakivuta mbele taratibu, juu ya tumbo la miezi saba. Mashine ilichora siku mbili mfululizo na haikuzima.

Jumapili ya kwanza ya mwezi uliofuata alishuka Vulamba na bidoni ya njano, tupu. Mzee Mathe aliitazama bidoni, akamtazama mwenye bidoni, akamuuliza ni ya nini sasa, mashine ikiwa haiyanywi tena.

"Ya chai, Tata," alisema Emérence. "Huko Mususa chai haina ladha."

Mzee alivaa kofia yake. Wakashuka pamoja hadi chemchemi, taratibu kwa sababu ya magoti, akaijaza hadi shingoni, na wakapanda mlima wameshika mpini wote wawili.